Mkono wa Mukai

Mtaani Mashimoni habari haibishi hodi. Jumamosi asubuhi Aluoch alitoka kliniki, akashuka kituo cha Olympic, akateremka kwa miguu hadi kibanda cha maji, na hata kabla hajauliza mtungi wake umefika wapi kwenye foleni, Celine muuza maji alishamkazia macho ya huruma.

"Pole, Mama Daisy. Ati presha imekataa?"

"Nani amekuambia?"

"Si uliongea na Wakoli kwa simu?"

Kweli aliongea naye. Wakoli, fundi wa viatu, jirani wa mlango wa pili, mwenye sauti ya mnada. Alimpigia amwanulie nguo kabla ya mvua, na katikati ya nguo na mvua neno presha likamponyoka. Kumwambia Wakoli jambo ni sawa na kulipigia tarumbeta.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Baada ya miaka tisa ya kumenya vitunguu jikoni mwa hoteli ya watu, Aluoch alikuwa amepata kazi ya upishi kwenye meli ya watalii. Barua ilishakuja, viza imegongwa, ndege ni Jumatano. Kilichobaki ni cheti cha afya, maana bila cheti hicho mtu hakanyagi ngazi ya meli. Damu ilipita. Picha ya kifua ilipita. Choo kilipita pia, na Wakoli alitaka kujua kilipata maksi ngapi. Kisha nesi akamfunga mkanda wa mashine mkononi, ukajaa pumzi, ukalegea, na namba zikasimama kwenye 158 kwa 98. Daktari Mutinda akaweka kalamu chini.

"Kule hakuna hospitali ya karibu, mama. Ukianguka katikati ya bahari, nahodha hawezi kukata kona akurudishe."

"Daktari, mimi sina presha. Ni uoga tu."

"Inawezekana. Wengine hupandishwa na koti langu hili." Akatoa mashine ndogo kabatini. "Nenda nayo nyumbani. Jipime asubuhi na jioni, kuanzia leo jioni mpaka Jumanne asubuhi. Ni mara sita. Ile namba ya kwanza utakayoona ndiyo utakayoandika, usirudie kutafuta unayoipenda. Nne kati ya sita zikiwa chini ya 140 kwa 90, nitatia sahihi. Uwe hapa Jumanne kabla ya saa sita mchana. Saa sita natuma orodha kwa kampuni."

"Na nikikosa, nirudi mwezi ujao?"

Daktari alitazama fomu. "Mwezi ujao utakuwa umetimiza arobaini."

Hakuongeza neno. Kampuni ile haikuajiri mpishi mpya aliyefika arobaini, na wote wawili walilijua.

Sasa, nyumba ya Aluoch haikuwa nyumba ya kupimia presha. Mlango wake haukuwahi kufungwa kukiwa na mwanga. Mwenye chumvi alileta chumvi, mwenye umbea alileta umbea, na aliyekosa vyote alileta njaa, naye akakaribishwa. Jumamosi jioni aliwaomba watu watano wanyamaze dakika tano; wakanyamaza mbili. Mashine ikasema 146 kwa 92. Jumapili asubuhi, majirani wote wa ploti wakiwa kanisani, ikasema 137 kwa 88, na Aluoch akacheza peke yake kati ya kitanda na jiko.

Lakini kanisani Wakoli alikuwa ameomba maombi maalumu. Jioni ile walikuja watu kumi na saba. Mmoja alileta kitunguu saumu, mwingine ndimu, na mama mmoja mnene alileta vidonge vya marehemu mumewe. Aluoch akavikataa kwa heshima.

"Mama Daisy, relax," Wakoli alimfokea. "Presha ni mawazo. Toa mawazo!"

"Nitatoaje na nyinyi mmenikalia mpaka magotini?"

"Basi nipime mimi kwanza nikuonyeshe vile mwanaume hutulia."

"Mashine ni ya kliniki! Haiingii mkono mwingine isipokuwa wangu."

Alijipima wakiimba polepole, kwa nia njema kabisa. 151 kwa 95. Wimbo ukafia midomoni. Aluoch alihesabu kwa vidole, ingawa hesabu hiyo haikuhitaji vidole: tatu zimekwenda, moja tu imepita. Tatu zilizobaki lazima zote zipite.

"Yawa, jamani," alisema kwa sauti ndogo ambayo hawakuizoea. "Nawapenda, lakini mtaniua."

Giza halijaingia vizuri, alikuwa ameshafika mtaa wa Kawangware 56 na kimfuko chake, akibisha kwa Mukai.

Mukai alikuwa rafiki yake wa zamani, mtu wa Kitui, mjane, fundi wa sare za shule. Walipokuwa wasichana walikodisha chumba kimoja. Aluoch aliongea kwa niaba ya wote wawili na Mukai akapika. Ukimuuliza Mukai habari, atakujibu nzuri, na mazungumzo yameisha. Hakuuliza kwa nini Aluoch amekuja. Alisogeza marobota ya kitambaa, akatandika godoro, akarudi kwenye cherehani lake.

Na kweli, mahali pale palikuwa na dawa. Jumatatu asubuhi, 138 kwa 87. Jumatatu jioni, 136 kwa 86. Aluoch aliandika kwa mwandiko wa kujivunia. Ikabaki moja.

Jumanne alfajiri aliamka akiiwaza namba ya sita. Mukai alimpikia chai nzito ya tangawizi, akanywa vikombe viwili ili atulie. Saa moja akakaa kitini, miguu chini, mkono mezani. Mkanda ukakaza. Aliufuata kwa macho kama mtu anayetazama penalti ya mwisho.

141 kwa 91.

"Hapana," Aluoch alisema. "Hapana, hapana. Moja tu! Kitu moja tu imezidi!"

Mukai aliacha kutia uzi kwenye sindano.

Kuna jambo ambalo kila mtu Mashimoni na Kawangware analijua bila kufundishwa: presha ni ugonjwa wa wanene, wa wenye hasira na wenye midomo. Aluoch alimtazama mwenzake. Mwembamba kama uzi wake mwenyewe. Miaka ishirini hajamsikia akipaza sauti. Damu ya mtu kama huyo, akawaza, inatembea kwa miguu huku yetu inapanda bodaboda.

"Mukai, nisaidie mkono wako."

"Kufanya?"

"Niandike namba yako. Moja tu. Hakuna atakayejua."

"Huo si uongo?"

"Ni uongo mdogo, na mimi ndio nitaubeba. Mukai, nimemenya vitunguu miaka tisa. Nafasi hii ikinipita, sitaitwa tena."

Mukai alichomeka sindano kitambaani. Kisha akakunja mkono wa sweta, kwa maana katika urafiki wao hakuwahi kumnyima kitu.

Mashine ikavuma. Ikavuma zaidi ya kawaida, ikapumzika kidogo, ikaanza tena kujaza pumzi.

201 kwa 124.

"Umesonga wewe."

"Sijasonga."

Akampima tena. 204 kwa 121. Akahamia mkono wa pili. 198 kwa 122. Ukutani kule kliniki kulikuwa na picha ya mtu ameshika kichwa, na chini yake maandishi mekundu: ikifika 180 kwa 120, hospitali mara moja. Aluoch alikuwa ameisoma Jumamosi akishukuru Mungu kwamba yake haijafika huko.

"Mukai, kichwa kinakuuma?"

"Hapa nyuma tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Nikifunga leso kwa nguvu inapungua. Nilidhani ni cherehani."

"Pasaka! Na umenyamaza?"

"Ningemwambia nani?"

Saa ukutani ilisema saa moja na nusu. Aluoch akatia mashine na daftari mkobani, akamvisha Mukai viatu kama mtoto, wakatoka.

Kituo cha afya cha hapo Kawangware kilikuwa kimejaa hadi nje ya geti. Mwenye kikohozi, mwenye mtoto, mwenye bandeji, wote walifika kabla yao. Mukai alikwenda kusimama mwisho wa foleni, kimya, kama kawaida yake, na dakika chache baadaye akaegemea ukuta na kusema haoni vizuri upande mmoja.

Hapo mdomo wa Aluoch, ule ambao Daktari Mutinda angetaka ulale, ukafanya kazi yake.

"Nesi! Nesi wangu! Huyu ana mia mbili na moja! Jowa, watu wangu, tupisheni, mtanikasirikia baadaye!"

Watu walinung'unika, kisha walipoona uso wa Mukai wakapisha. Nesi alimpima, akaangalia namba, na mwendo wake ukabadilika. Mukai akalazwa kwenye kitanda cha pembeni, akapewa dawa.

"Mtu wake ni nani?" nesi akauliza. "Asiachwe peke yake mpaka ishuke."

Saa tatu na robo. Aluoch alitazama mlango, akatazama kitanda.

"Ni mimi."

Akakaa. Saa nne, 192. Saa nne na nusu, 183. Kila mara nesi alipokuja, Aluoch alisimama kama aliyeitwa jina lake. Mukai alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.

"Nenda, Aluoch. Meli haingoji."

"Nyamaza wewe. Hiyo si ndiyo kazi unayoiweza?"

Saa tano na dakika kumi, 171, na jicho limerudi. Nesi akamwashiria kwa kichwa kwamba sasa anaweza kwenda. Aluoch hakuuliza bei ya boda, alipanda tu.

Kwenye korido ya kliniki, saa tano na dakika thelathini na tano, alifungua daftari. Mstari wa sita ulikuwa mtupu. Kalamu ilikuwa mkononi, na hapakuwa na mtu. 135 ni namba nzuri. Hata 139. Alisimama pale mpaka nesi akamwita, na alipoitwa akaandika haraka, 141 kwa 91, akaingia kabla hajajuta.

Daktari Mutinda alisoma mistari yote sita. "Tatu," alisema.

"Tatu, daktari."

Akanyoosha mkono apewe mashine, akabonyeza kitufe kidogo cha pembeni ambacho Aluoch hakuwahi kukigusa. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo, moja baada ya nyingine. Mashine ilikuwa inakumbuka. Ilikuwa imeweka kila kitu.

"198. 204. 201. Leo asubuhi." Daktari akamtazama juu ya miwani. "Hizi ni za nani?"

Angeweza kusema mashine imeharibika. Uongo ulikuja mpaka kwenye ulimi, ukiwa umevaa vizuri kabisa.

"Za rafiki yangu Mukai. Nilitaka kuandika yake badala ya yangu."

"Na yake ikatoka hivi."

"Ndiyo. Nimetoka kumlaza hospitali sasa hivi."

"Mama, kazi hii nimeifanya miaka mingi. Hadithi nimezisikia zote. Nipe simu."

Aluoch akapiga, akaiweka mezani sauti ikiwa juu. Ililia mara nne. Mara ya tano ikashikwa.

"Ni daktari wa kliniki hapa. Wewe ni nani?" daktari akauliza.

"Mukai. Wa Kawangware." Kimya. Aluoch alijua kimya hicho. Aliomba Mungu kisiwe kirefu. Kisha Mukai akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akaendelea kuongea bila kuulizwa. "Daktari, mkono ni wangu. Alikuja kuiba namba, akapata mgonjwa. Angeweza kunipa Panadol, akaenda zake. Amekaa hapa mpaka nikaona tena. Kama kuna makosa, niandike na mimi."

Sauti ya nesi ikasikika ikimwambia apumzike, na simu ikakatika.

Daktari alivua miwani, akaifuta bila haraka. Saa sita kasoro dakika kumi na saba.

"Kwa kawaida mtu aliyempa mwenzake mashine, fomu yake naichana." Akaigeuza fomu, akaigeuza tena. "Hii ya sita ulijipima saa ngapi?"

"Saa moja. Nilikuwa nimekunywa chai nitulie."

"Chai gani?"

"Ya tangawizi. Nzito. Vikombe viwili."

"Jumamosi nilikuambia usinywe chai kabla ya kupima."

"Ulisema?"

"Nilisema. Ulikuwa umeshaanza kupiga simu." Akavuta kiti. "Hii ya chai siihesabu. Ya sita nitaipima mimi, mara moja tu. Kaa dakika kumi. Usiseme hata neno moja."

Adhabu hiyo Aluoch hakuwahi kupewa maishani. Simu ilitetemeka mezani: Wakoli. Ikanyamaza, ikatetemeka tena: Wakoli. Aliweza kuwaona wote, Celine ameacha maji yakimwagika, wamekaa kwenye kitanda chake, wanaomba kwa sauti. Akafumba macho asiwaone. Badala yao alimwona Mukai akifunga leso, usiku na mchana tangu Pasaka, akivuta fundo.

Mkanda ukakaza. Ukakaza. Ukaanza kulegea, pumzi kwa pumzi. Hakufungua macho mpaka aliposikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"138 kwa 88," daktari alisema. "Uko mpakani, usiringe. Kule melini utapimwa kila mwezi."

Saa sita kasoro dakika tatu, orodha ikaondoka na jina lake ndani.

Wakoli alipopiga mara ya tisa, Aluoch alisema neno moja tu, "Imepita," na Mashimoni ikalipuka ndani ya simu mpaka akaisogeza mbali na sikio. Sherehe ilianza bila mwenyewe. Mwenyewe alikuwa ameshapanda boda kurudi Kawangware.

Mukai alikuwa ameketi kitandani, leso begani, kichwa wazi. Aluoch alifungua mdomo amsimulie yote kuanzia koridoni, na kwa mara ya kwanza hakujua aanzie wapi. Akampa tu karatasi ya cheti.

Mukai aliisoma polepole, akaweka kidole gumba chini ya 138.

"Namba nzuri," alisema. "Niazime."