Ukurasa wa Pili

Dorotea aliandika barua siku nzima, amekaa barazani kwake Mwakiro, mkoani Muyinga, karatasi juu ya ungo. Mdogo wake Upendo alikuwa mgonjwa peke yake huko Gitega, katika chumba cha kupanga mtaa wa Yoba, na Dorotea alitaka kumwambia jambo moja: njoo nyumbani, nitakuuguza mimi.

"Si umpigie simu, Mama?" mkwe wake Happy alimwuliza. "Maneno mawili tu, yamekwisha."

"Mtu haitwi nyumbani kwa maneno mawili."

Happy akachungulia. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu: za Dorotea, za watoto, za majirani, jina kwa jina. "Hata mbuzi anamsalimia?"

"Wanajuana," Dorotea akajibu, akageuza karatasi.

Ndivyo walivyofundishwa kuandika katika kambi ya wakimbizi Tanzania, walikokulia. Kwanza unauliza hali, unaeleza yako, unafikisha salamu za kila mtu; ndipo unaandika, "Sasa dhumuni la barua hii." Kuanza na shida kulikuwa kama kuingia kwa watu bila hodi. Na barua ilipofika hawakuimaliza siku hiyo. Walisoma kidogo, wakaikunja, wakabakiza ya kesho, maana nyingine ingechukua miezi kuja.

Barua ilichukuliwa na Baguma, mfanyabiashara Mkongomani, jirani wa Upendo, aliyekuja Muyinga kununua maharage. "Mama, mi mwenyewe nitamusomea," alisema. "Macho yake iko na shida." Akaitia mfukoni mwa shati, hakuichanganya na mizigo. Dorotea aliliona hilo.

Akatandika kitanda upande wa dirisha, akangoja jibu. Hazikupita siku nyingi, asubuhi moja Baguma akapiga simu. Naye hakuanza na shida. Aliuliza habari za nyumba, za watoto, za shamba, na sauti yake ikazidi kushuka. Kabla hajafika mwisho, Dorotea alikuwa ameshakaa chini.

Alipofika Yoba alasiri hiyo, alimkuta mdogo wake amelazwa, amefunikwa shuka safi. Wanawake wa jirani walikuwa wamemsuka nywele.

"Ulimsomea?" alimwuliza Baguma.

"Nilisoma jana magaribi, pole pole. Kila jina, anasema, 'Nashukuru.' Ku ile ya mbuzi alicheka, Mama. Nilitaka kugeuza karatasi, akanikataza. 'Tubakize ya kesho,' akasema." Baguma alitazama chini. "Kama ningejua, ningeanza na ya nyuma."

Dorotea hakuwa na neno la kumlaumu. Angekuwa yeye, angebakiza pia. Lakini Upendo alikuwa amefariki bila kujua kwamba kuna kitanda kinamngoja.

Akaomba barua yake. Akavuta kigoda karibu, akafungua ukurasa wa pili, akasoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemsomea mgonjwa.

"Sasa dhumuni la barua hii, mdogo wangu, ni kukuita nyumbani. Kitanda kiko tayari, upande wa dirisha, asubuhi jua linakufikia."

Akanyamaza, kama anayengoja kuitikiwa.

"Nashukuru," Baguma akasema taratibu, pale mlangoni.

Dorotea akaendelea kusoma.