Nyumba ya Isidori

Nyumba ya Tereza pale Bukima ilikuwa na nyasi kuukuu zilizovuja hata mawingu yakikohoa tu. Masika yalishafika mlangoni. Kwa hiyo binti yake Dorah, muuza mitumba wa Nyakato, alipomletea mabati, Tereza, aliyekuwa mjane, alimwita fundi siku hiyohiyo.

Fundi hajamaliza kupanda ngazi, Ryoba, shemeji yake Tereza, huyo hapo. Ryoba ni mzee wa kanisa. Kila Jumapili huwafundisha watu kwamba marehemu hasikii kitu.

"Shemeji, shusha huyo fundi. Kwetu mdogo haezekagi bati kabla ya mkubwa. Mumeo, Mungu amrehemu, alikuwa wa pili. Wa kwanza ni Isidori."

"Isidori aliyekufa kwa surua ana miezi mitatu?"

"Mila haiulizagi miezi."

Kweli haiulizi. Ryoba mwenyewe, kitindamimba, mabati yake yalikuwa uvunguni mwaka wa kumi na moja, yakiliwa na kutu na kumsubiri Isidori akue. Fundi aliposikia kwamba mvunja mila hulaaniwa, akashuka bila kusukumwa.

Tereza hakubishana. Alitoa bati moja, Isidori akajengewa kajumba juu ya kaburi lake, kimo cha banda la kuku. Wazee wa ukoo wakaja kukagua. Kuchungulia hawakuthubutu: mdogo haingii kwa mkubwa mpaka hodi iitikiwe. Ryoba akainama, akapiga hodi. Wakasubiri. Wakakubaliana kwamba mwenye nyumba amelala.

"Nyumba nzuri," Ryoba akasema. "Ila bila mke ni ghala tu. Mkubwa aoe kwanza."

Wingu jeusi lilikuwa linapanda kutoka ziwani. Tereza akalitazama, akamtazama Ryoba.

"Shemeji, mjane anarithiwaga na nani?"

"Na kaka wa marehemu. Tunaanziaga kwa mkubwa."

"Sasa mnangoja nini? Nipeni kwa Isidori."

Wazee walitafuta tundu la kutokea, hawakuliona. Walishayaziba yote wenyewe. Jogoo akachinjwa. Kidari cha bwana harusi alikila Ryoba, kwa niaba. Mkubwa alishaoa, kwa hiyo kesho yake alasiri bati la mwisho la nyumba ya Tereza likapigiliwa msumari.

Na mvua ikashuka. Nyasi za Ryoba zikasalimu amri, naye akaja mbio, godoro kichwani.

"Shemeji, nifungulie!"

"Ndivyo anavyosalimiwaga mke wa mkubwa wenu?" Tereza akajibu kutoka ndani, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo! Fungua basi!"

"Marahaba. Ningefungua, baba, lakini mji una mwenyewe. Kampigie hodi kule kwake. Akiitikia tu, njoo ulale."

Ryoba akageuka, akakimbilia kaburini. Tereza akasogea dirishani. Mzee wa kanisa alikuwa amepiga magoti kwenye tope mbele ya kajumba, godoro likinywa maji.

"Hodi, kaka! Hodi!"

Tereza akaongeza sukari.