Mnyororo kwenye Mlango wa Barafu

Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nane na dakika kumi mchana, ndipo mambo yalipoharibika. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimekaa juu ya gari langu la kusawazisha barafu, nangoja vijana wamalize mazoezi, na saa kubwa ya ukutani iko mbele ya macho yangu. Tito alianguka karibu na goli. Mwenzake akamwangukia, chuma cha kiatu kikampasua paja. Damu juu ya barafu si kama damu ya mahali pengine. Inang'aa, na inakwenda mbali haraka.

Mimi ni Baudouin, mtu wa Lubumbashi, nakaa Albert Park mwaka wa kumi na nane huu. Shule niliacha darasa la nne. Lakini barafu naijua. Katika mji huu wa Durban, ambako shati linalowa jasho kabla hujamaliza chai, mtu wa kuyafanya maji yawe magumu na yabaki magumu ni mimi, nilifundishwa na fundi mmoja mzee ambaye sasa hayupo. Timu ya hoki inayocheza pale inaitwa Inkonjane, ni mbayuwayu kwa Kizulu. Wachezaji wana kontra, yaani mkataba, wanalipwa, wanapanda ndege kwenda Pretoria na Cape Town. Watu wanadhani ni maisha ya juu. Patron, mwenye timu na mwenye jengo, alizoea kusema kwenye redio kwamba wachezaji wake ni watoto wake.

Haya, mtoto wake amelala chini anavuja. Madame Estella, meneja, akaja na simu mkononi, akasimama pembeni ya ubao asilowane viatu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ngojeni kwanza. Ofisi haijatoa ruhusa ya ambulensi."

Ndivyo kontra ilivyosema. Ambulensi haiitwi mpaka mkubwa wa juu aseme ndiyo.

Mimi neno lile, ngojeni, nililijua. Miaka miwili nyuma mke wangu Marie-Jeanne, aliyekuwa anafua na kupiga deki vyumba vya wachezaji, aliteleza kwenye ngazi ya chuma akagonga kichwa. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakampa maji, wakasema tungoje. Mimi mjinga nikangoja. Nilimshika mkono nikangoja kama mtu aliye kwenye foleni ya vibali pale Home Affairs. Ambulensi ilifika saa saba. Siku ya tatu nikawa mjane wa kiume, na Patron akatuma maua meupe yenye jina la kampuni.

Kwa hiyo siku ya Tito sikungoja. Nilishuka kwenye gari, nikafunga paja lake kwa mshipi wangu, nikamwambia Peguy, kapteni wa timu, ashike upande wa miguu. Tukambeba juu ya kipande cha ubao wa matangazo mpaka barabarani, kwenye robot, zile taa za magari, tukasimamisha taxi, basi dogo lililokuwa linatoka soko la Warwick limejaa watu. Abiria walishuka wote bila kuombwa. Mama mmoja mwenye mzigo wa dawa za mizizi alitupa kanga yake. Hospitali walisema dakika ishirini zaidi na tungekuwa tunaongea habari nyingine. Tito yuko hai. Anachechemea, lakini yuko hai.

Wiki ile ile wachezaji waliandika karatasi. Hawakuomba nyongeza, hawakuomba viatu vipya. Waliomba jambo moja: awepo daktari kila mechi na kila mazoezi, na mchezaji akiumia, ambulensi iitwe na yeyote aliye karibu, bila ruhusa ya mtu. Patron akajibu kwa barua ya wakili kwamba hapangiwi kazi ndani ya nyumba yake. Wao wakasema basi hatuchezi. Jumatatu tarehe 20 asubuhi tukakuta mnyororo mzito mlangoni na kufuli jipya. Na kwa sababu wakubwa huona bili ya umeme kuliko kuona watu, Patron alizima mashine za baridi. Barafu yangu ya miezi minne ikaanza kutoka chini ya mlango, polepole, ikashuka ngazi mpaka kwenye mtaro. Vijana walisimama wakaitazama kama watu walio kwenye mazishi. Mimi pia, nisiseme uongo.

Tulikaa pale nje kila siku, na viti vya kukunja, na chai ya Grâce, dada wa Peguy, mwenye saluni. Siku ya tatu nikamwomba Peguy anisomee ile karatasi yote, polepole. Aliposoma "mchezaji akiumia", nikamwambia arudie hapo. Akarudia. Nikamuuliza, na mtu wa mopu? Na mlinzi? Na mimi nikiviringika na lile gari?

Peguy alikuna kichwa. Aliniambia wakiandika kila mtu, Patron atasema wameleta siasa, na kile kidogo walichokuwa wanakipata kitapotea. Cédric, golikipa, mdomo wake haujawahi kufungwa hata akiwa na barakoa ya chuma, akauliza, "Sasa, Papa, mtu wa mopu naye atapiga penalti?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Sikukasirika pia. Nilimwambia akumbuke miaka sita nyuma, soksi zake zilikuwa zinakauka wapi. Kwa sababu Marie-Jeanne ndiye alikuwa anazitandaza juu ya bomba la moto la kompresa ya mashine za baridi, jozi kwa jozi, na kila jozi alikuwa anajua ni ya nani kwa harufu tu. Za Cédric alizishika kwa vidole viwili.

Cédric akatazama viatu vyake. Halafu akasema, "Andikeni kila mtu." Wakapiga kura kwa kunyoosha fimbo za hoki. Ishirini na moja kwa mbili. Peguy akafuta "mchezaji" kwa kalamu, akaandika juu yake: kila mtu anayefanya kazi ndani ya jengo hili. Kwangu mimi vita yote ilikuwa pale, kwenye mstari ule. Mengine yalikuwa yao.

Patron alipoiona karatasi mpya alikataa mara mbili zaidi ya mwanzo. Akatangaza kwamba Jumamosi tarehe 15 Juni Inkonjane watacheza na Pretoria, pawe na mvua pawe na jua, kwa wachezaji wengine aliowakodi kutoka huko na huko. Televisheni ingekuwepo. Tiketi zilikwisha kuuzwa. Ni hapo tu, Jumatatu ya wiki ile, ndipo mtu huko juu alipokumbuka kwamba hoki ya barafu inahitaji barafu.

Madame Estella alinipigia simu yeye mwenyewe. Aliniita Papa Baudouin, jambo ambalo miaka yote hakulifanya. Nikamwambia ukweli, maana kazi ni kazi: sakafu ipozwe kwanza siku nzima, halafu maji yanyunyizwe membamba kama umande, yagande, yanyunyizwe tena, mara arobaini au hamsini, milango yote ikiwa imefungwa kwa sababu ya joto la bahari. Siku tano, mtu akiwa haendi nyumbani. Nilimwambia ningeweza kuanza leo hii, sharti lake ni saini moja ya Patron kwenye ile karatasi. Akaniuliza mimi ni nani wa kumwekea Patron sharti. Nikamwambia mimi ni mtu wa maji. Akakata.

Wakaenda bandarini wakamtafuta Ameir, Mzanzibari, fundi wa vyumba vya baridi vya samaki. Ameir ni mtu mzuri, tunafahamiana, na samaki wake ni wagumu kama mawe. Lakini kwenye samaki baridi hutoka juu, kwa mafeni. Kwenye uwanja baridi hutoka chini, kwenye mabomba yaliyolala ndani ya sakafu. Ameir aliwaambia hilo, aliniapia. Wakamwambia hakuna nafasi ya umande, jaza maji yote kwa siku moja, mafeni tutakodi. "Bwana Baudouin," alinieleza baadaye, "mimi nimeambiwa nimwage, nikamwaga."

Ijumaa mchana mnyororo uliondolewa. Patron alitaka waandishi wa habari waone jinsi timu inavyosonga mbele bila wakorofi, na sisi wakorofi tukaingia nyuma yao. Mlinzi aliangalia pembeni. Nilipoona tu, nilijua. Ilikuwa nyeupe, nzuri, imenyooka kama shuka la hoteli. Lakini nilichukua ufunguo wangu, nikainama pembeni ya ubao, nikagonga mara mbili. Barafu iliyoshika vizuri hujibu kwa sauti fupi, ngumu. Hii ilijibu kama mtungi. Juu ganda, chini ganda, katikati maji.

Mimi nina uchungu na yule mtu, sifichi. Lakini mbele ya kila mtu nilimwambia, "Patron, usikanyage. Haijashika."

Alitabasamu kwa ajili ya kamera. Alisema kuna watu hawajui kushindwa. Akavaa ile sura yake ya redioni, akakanyaga hatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu, na hotuba mkononi. Kwenye ya nne mguu wa kulia ulizama mpaka kifundo. Akajaribu kujitoa kwa wa kushoto, na wa kushoto nao ukazama. Kiatu kimoja kilibaki huko chini. Patron akasimama katikati ya uwanja wake, suruali imelowa, mikono imetanuka, hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi. Kila akisogea, ufa ulikimbia kutoka kwake mpaka golini.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi kwake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu wa kawaida kabisa, kwamba mguu unamuuma, amejikata, aitwe mtu.

Madame Estella alishika simu. Akamtazama Patron, akatazama simu. Nadhani kwa mazoea tu alikuwa anatafuta nani wa kumwomba ruhusa, na mwenye ruhusa alikuwa pale ndani ya maji. Ndipo Tito, aliyekuwa ameegemea magongo yake karibu na lango, akasema taratibu, "Ngojeni kwanza."

Patron alimsikia. Jengo zima lilimsikia.

Sisi hatukumwacha. Peguy na Cédric walitandaza mbao za matangazo, wakamfuata, wakambeba, mmoja mabegani mmoja miguuni, kama tulivyombeba Tito. Ulikuwa mchubuko tu. Wachezaji wa kukodi, watu kumi na wanane, walikuwa wamesimama na mabegi yao wakimtazama Tito na magongo. Mkubwa wao akaja akamwomba Peguy amwoneshe ile karatasi. Aliisoma, akaikunja vizuri, akamrudishia. Wakatoka na mabegi yao.

Saini ilipatikana saa kumi na moja jioni ile, ofisini, Patron akiwa na soksi za Cédric miguuni. Alisoma mstari wa "kila mtu" mara mbili, akaniangalia, akasaini. Mechi ikasogezwa wiki moja. Mimi nikaingia na bomba langu, na Ameir akaja kujifunza, na wachezaji ishirini na tatu wakafunga milango, wakapiga deki, wakashika bomba kwa zamu wakitembea kinyumenyume nyuma yangu kama watu walio kwenye ngoma. Nilinyunyiza mara hamsini na mbili. Siku ya mechi nikagonga na ufunguo, ikajibu fupi na ngumu.

Tulishinda nne kwa moja. Lakini si hilo ninalotembea nalo kifuani. Ni kipindi cha pili, pale Ernestina, anayefanya kazi aliyokuwa anafanya Marie-Jeanne, alipoteleza kwenye ngazi ile ile ya chuma. Mlinzi ndiye aliyepiga simu. Mlinzi! Hakumuuliza mtu. Daktari alishuka mbio kutoka kwenye benchi, na ambulensi ilikuwa mlangoni kabla Pretoria hawajarudisha kile kisahani cha mpira kati. Mkono umevunjika, basi. Ernestina alipopita kwenye machela alinipungia ule mzima, na uwanja wote, watu elfu na zaidi, wakasimama wakapiga makofi hawajui hata jina lake. Peguy aligonga fimbo yake juu ya barafu, timu nzima ikagonga, Pretoria nao wakagonga. Nilikaa juu ya gari langu nikalia kwa furaha, mtu mzima mimi, na sikujificha.

Leo kila mtu mle ndani anajua kwamba hakuna anayeombwa ruhusa. Karatasi iko ukutani, kwenye fremu, karibu na bomba la moto zinapokauka soksi. Nimeshinda. Nalisema bila aibu.

Ila siku ya saini, kabla sijatoka ofisini, niliwauliza jambo moja kuhusu ile asubuhi ya Marie-Jeanne. Madame Estella alisema yeye alipiga simu juu, akajibiwa, na nani hakumbuki. Patron alisema siku ile hakuwepo, simu haikumfikia. Mlinzi wa zamani nilimfuata mpaka Warwick anakouza mikanda; akasema aliisikia sauti kwenye redio ya mkononi, ya mtu wa ghorofani, lakini hakuitambua. Kila mtu alisikia amri, na hakuna aliyeitoa. Saa tatu mpaka saa saba, mke wangu amekaa kwenye kiti cha plastiki, mtu fulani alifungua mdomo wake akasema tungoje.

Nani?