Kikombe cha Zafarani

Mwanabaraka binti Salum alivijua vitu vya nyumbani kwake kwa mahali vilipokaa. Birika kushoto mwa mlango, mkeka chini ya dirisha, kalamu za tete ndani ya kopo, na kikombe cha wino upande wa kulia wa rafu. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na tundu dogo tu, kama la mtu anayechungulia chumbani kwa ufa wa mlango. Alichokielekezea uso alikiona kwa ukungu. Vya pembeni vyote vilikuwa vimekwisha kuliwa na giza. Daktari alimweleza kwamba maji ya ndani ya jicho yanalibana, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Mwanabaraka alimshukuru, akajitanda vizuri, akarudi nyumbani kwake Pasiansi. Hakumwambia mtu.

Hakumwambia hata Sada, mdogo wake, waliyekaa naye nyumba moja tangu wote wawili walipofiwa na waume. Si kwamba hakumwamini. Aliogopa neno lisije likatoka, hata kwa huruma. Mjini Mwanza waimbaji walikuwa wengi, lakini mwanamke wa kutunga na kuandika kwa mkono wake alikuwa yeye. Harusi ikifika, tenzi zake zilipigwa chapa zikagawiwa wageni. Watu wakijua sioni, alijisemea, wataniletea unga badala ya kazi.

Basi akajitafutia njia. Baba yake, marehemu Mwalimu Salum, alipokuwa akinakili vitabu vya chuo cha Kurani alitumia ubao uliofungwa nyuzi zilizonyooka. Ukiweka karatasi juu yake na kuipitishia kiganja, nyuzi zinaacha mikunjo iliyo sawasawa. Mwanabaraka aliutoa ubao ule sandukuni. Kidole cha mkono wa kushoto kilifuata mkunjo, na kalamu ikafuata kidole. Aliandika hivyo kwa muda mrefu, na kama mistari ilipandana, hakuna aliyemlalamikia.

Aliyekuwa akizipanga herufi za tenzi zake kwenye mtambo wa chapa, karibu na soko, ni Antoni, mtu wa Bukumbi, mpole, mwenye vidole visivyotakata wino. Kila mara alikuwa na ombi moja. Alimsihi Mwanabaraka aketi kidogo amsomee alichoandika, kwa kuwa macho yake, yaani ya Antoni mwenyewe, yalikuwa mabovu. Tenzi za harusi ni fupi, zilimkaa Mwanabaraka kichwani, kwa hiyo aliinua karatasi mbele ya uso na kumsomea bila shida, huku akimtania.

“Antoni, kwa macho hayo utakuja kuposa mbuzi.”

“Ndiyo maana sijaoa, mama. Nangoja unichagulie wewe unayeona.”

Naye Mwanabaraka alicheka kweli kweli.

Ukaja mwaka wa sitini na moja, na habari za Uhuru zikawa katika kila kinywa. Kamati ya sherehe ya mjini ilimwomba atunge utenzi wa ziwa, usomwe uwanjani siku yenyewe. Palikuwa na sharti. Vikundi viwili vya ngoma vilikuwa vimeshikana mashati hadharani kwa ajili ya wimbo, kila kimoja kikidai kimeibiwa, na kamati haikutaka aibu ile irudi. Kwa hiyo kila mtunzi aje mwenyewe na kazi iliyoandikwa kwa mkono wake, aisome mbele ya kamati, karatasi itazamwe. Atakayeshindwa, nafasi yake ilikuwa na mwenyewe tayari, mwalimu mmoja wa shule ambaye alikuwa amekwisha kulisoma shairi lake mbele ya kamati.

Mwanabaraka alikubali bila kusita. Aliporudi nyumbani ndipo alipoketi kwenye mkeka akapima kazi yenyewe. Utenzi huu ulitakiwa uwe mrefu, nao mrefu haukai kichwani. Tangu ujana alikuwa na mazoea yake: ubeti akishauandika, huuacha uende, ili upishe mwingine. Karatasi ndiyo iliyokuwa ikimkumbukia. Lakini kwa lile tundu dogo la jicho, akiisogeza karatasi puani, bado aliweza kuokota neno moja moja. Alijiambia kwamba atasoma polepole, na watu watadhani ni madaha.

Vuli ya mwaka ule ilikuwa ya kutisha. Ziwa lilipanda likameza vibanda vya wavuvi, na paa la nyumba likaanza kuvuja juu ya rafu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa wema.

Sada alikuwa akiandika kombe, kama alivyofundishwa na baba yao. Mgonjwa akija, Sada aliandika aya kwenye sahani nyeupe kwa zafarani iliyolowekwa katika marashi, akaisuuza sahani kwa maji, na mgonjwa akayanywa maneno yake. Siku za karibuni alikuwa amemwona dada yake akiipiga kumbo chupa ya wino. Aliumimina wino katika kikombe kizito kisichopinduka upesi, pacha wa kile chake cha zafarani. Na sasa paa lilipovuja, alivihamisha vyote viwili visiingie maji, na alipovirudisha rafuni vilibadilishana nafasi: cha wino kushoto, cha zafarani kulia. Hakuona haja ya kumwambia mtu mwenye macho yake.

Mwanabaraka akanyoosha mkono kulia, kama siku zote, akaandika utenzi mzima kwa zafarani. Pua haikumwonya, kwa sababu nyumba ile ilinukia marashi mwaka mzima. Mawingu yalikuwa yametia chumba giza. Alichokiona ni unyevu tu, uking'aa nyuma ya kalamu, akaridhika. Maandishi ya kombe huandikwa yapate kuoshwa. Hilo hata mtoto wa chuo analijua.

Siku ya kamati ilipofika walitoka Pasiansi kwa miguu, na mvua ikawakuta njiani. Sada alikuwa na mwavuli mmoja. Alitaka kumshika dada yake mkono, maana njia ilikuwa utelezi mtupu. Mwanabaraka akamwambia kwamba hajawa bibi kizee wa kukokotwa, akajitenga hatua mbili tatu, na kikapu chenye karatasi kikining'inia upande wa mbali, nje ya mwavuli. Sada alisogeza mwavuli umfunike dada yake kichwa, yeye akalowa bega zima.

Kamati ilikutana katika chumba kimoja nyuma ya soko. Mwenyekiti alikuwa Bwana Chenge, mnunuzi wa pamba, mtu wa haki lakini mkavu. Kando yake aliketi Mzee Maige, mfugaji wa Kiseke, aliyependa mzaha, na wajumbe wengine wachache. Antoni naye alikuwepo, na mkoba wake wa karatasi, akingoja kazi itakayokubaliwa aende kuipiga chapa. Mwanabaraka alimtolea Mzee Maige shikamoo, akaitikiwa, akaonyeshwa kiti. Hakukiona. Kabla hajapapasa, kiti kilikuja chenyewe kikamgusa nyuma ya magoti. Mtu alikuwa amekisogeza. Akakaa. Sada akabaki mlangoni, akikamua khanga yake.

Bwana Chenge akamwambia aanze.

Alizitoa karatasi kikapuni. Zilikuwa baridi na laini, lakini mikunjo ya nyuzi bado aliisikia chini ya kidole. Akaanza na ubeti aliokuwa na hakika nao:

*Ewe ziwa letu Nyanza,*
*Kukusifu ninaanza,*
*Kwa wino niliotunza,*
*Siku hii ya furaha.*

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Akasema wa pili, na wa tatu. Kwenye wa nne aliisogeza karatasi puani, akalielekeza lile tundu la jicho penye mkunjo, akitafuta neno la kwanza limvute. Hakupata neno. Akashusha kidole, akatafuta chini yake. Hapakuwa na kitu cheusi popote. Aligeuza karatasi. Mvua ilikuwa ikipiga bati kama watu wanaomwaga mahindi. Mtu mmoja akakohoa.

Bwana Chenge akanyoosha mkono, akaomba aione karatasi, kwa kuwa ndiyo kanuni. Mwanabaraka hakuwa na la kufanya. Akampa.

“Mama,” Bwana Chenge akasema akiigeuza karatasi, “hapa hapana maandishi. Pana manjano tu.”

Hapo Mwanabaraka akaleta vidole puani. Kule nyumbani harufu ile ilikuwa hewa, lakini hapa, katikati ya harufu ya magunia na viatu vilivyolowa, ilisimama peke yake. Marashi na zafarani. Nyuma yake akamsikia Sada akivuta pumzi na kuikata. Sada alikuwa ameelewa kabla yake.

Mjumbe mmoja alinong'ona, si kwa sauti ndogo ya kutosha, kwamba shairi la mwalimu lipo na limeandikwa vizuri. Mzee Maige akaomba kikapu kisimwagwe maji yake, labda kamati iyanywe ipone. Wawili wakacheka. Hakukuwa na ubaya katika mzaha ule, lakini Mwanabaraka aliusikia kifuani kama jiwe.

Angeweza kusema mvua imeharibu wino, na wangemwonea huruma, na nafasi ingekwenda kwa mwalimu. Angeweza kumtupia lawama Sada, aliyekuwa pale mlangoni bega likimchuruzika maji. Sada mwenyewe alikwisha kufungua kinywa, akaanza kueleza kwamba ni yeye aliyehamisha vikombe, kosa ni lake.

“Nyamaza, Sada,” Mwanabaraka akasema. “Vikombe havina kosa. Mwenye macho angeona rangi.” Akageuza uso kuelekea sauti ya mwenyekiti. “Bwana Chenge, mimi sioni. Nimeandika utenzi wa kamati kwa dawa ya kombe, na sikujua.”

Hakuna aliyecheka tena. Bwana Chenge akauliza, polepole, tangu lini. Akajibu kwamba ni siku nyingi. Mwenyekiti akauliza basi hizi tenzi za harusi, zilizopigwa chapa siku hizo zote, nani alikuwa akiziandika. Swali lile ndilo alilokuwa akiliogopa. Lilikuwa limefika.

Kiti kikakwaruza sakafu. Alikuwa Antoni, amesimama. Alisema kwamba mama anaziandika mwenyewe, na yeye Antoni ni shahidi, kwa kuwa zote zimepita mikononi mwake. Mistari ilianza kupandana kitambo. Alipoona hivyo, akawa anamwomba mama amsomee, ili asikosee neno lake hata moja.

Mwanabaraka akageuka upande ule. “Uliniambia macho yako ni mabovu.”

“Nilisema hivyo, mama.”

“Na si mabovu.”

“Nauona mtumbwi wa Kamanga ukitoka ng'ambo ya ziwa.”

Uso ulimwaka moto. Mara zote zile alizomcheka na mbuzi wake, yule mtu alikuwa ameinamisha kichwa akakubali kuwa kipofu badala yake. Kwa muda hakujua kama amkasirikie au amshike mkono.

Bwana Chenge alikuwa bado na karatasi za manjano mkononi. Akasema kwamba haki ya kazi za nyuma imethibitika, lakini sharti la leo liko palepale. Utenzi hauonekani. Akamwuliza Mwanabaraka kama anaukumbuka wote.

Akajibu kwamba anakumbuka mwanzo, na vipande vya hapa na pale. Uliobaki umeoshwa.

“Basi,” akasema mjumbe wa mnong'ono.

“Si basi,” akasema Mwanabaraka. “Nitautunga tena. Hapa.”

Antoni akasema kwamba mkoba wake una karatasi kavu na kalamu, na mkono anao, kama mama atakubali. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mtu kujitolea kuandika badala ya mkono wa Mwanabaraka. Aliukunja na kuukunjua juu ya magoti. Mkono wa mtu mwingine. Watu watasema maneno pia ni ya mwingine. Mjumbe wa mnong'ono akasema hilohilo, kwamba kanuni inataka mkono wa mtunzi.

Mzee Maige ndiye aliyejibu, safari hii bila mzaha. Kanuni iliwekwa kuzuia wizi, akasema. Kitu kinachotungwa mbele ya macho yetu wote, nani atakiiba, na atakificha wapi? Kisha akaelekeza fimbo yake dirishani: mvua kama ile, nani anakwenda nyumbani?

Bwana Chenge akaziweka zile karatasi za manjano mezani, akazinyoosha kwa kiganja kama nguo ya mtu. Akasema kamati itasikiliza mpaka mvua ikatike, na kazi ikifaa, ndiyo itakayosomwa uwanjani, na atakayeisema uwanjani ni mwenyewe, kwa kinywa chake, akikumbushwa na mwandishi wake pale atakaposahau.

Sada akaja akaketi sakafuni karibu na miguu ya dada yake. Safari hii Mwanabaraka hakumfukuza. Akaweka mkono juu ya lile bega lililolowa, akaanza.

Mwanzoni beti zilikuja kwa kukwama, na kila alipokwama alisikia kalamu ya Antoni ikisimama, ikimngoja, haimharakishi. Kisha akaacha kuutafuta utenzi ulioondoka. Aliisikiliza mvua iliyokuwa juu ya bati, akaitia ndani, na ziwa likapanda katika beti kama lilivyokuwa likipanda nje, likabisha hodi milangoni mwa watu, na watu wakalifungulia. Mzee Maige aliacha kugonga fimbo. Yule mjumbe wa mnong'ono aliomba ubeti mmoja urudiwe, akaurudia mwenyewe chini kwa chini.

Alipofika mwisho, penye desturi ya mtunzi kujitaja ili kazi isipotee jina, Mwanabaraka aligeuza uso kuelekea sauti ya kalamu. Halafu akasema:

*Ni mimi Mwanabaraka,*
*Mtungaji natamka,*
*Antoni kayaandika,*
*Hakutaka hata jaha.*

Kalamu iliandika mstari wa kwanza, ikaandika wa pili. Kwenye wa tatu akaisikia imesimama.

“Andika, mwanangu,” akasema. “Jina lako ndilo hilo.”