Paa la Mwisenge

Lori lilikuwa limeshawashwa na nusu ya vyombo vya Mchungaji Pastory iko juu, waumini walipofika ubeti wa tatu wa wimbo wa kumsindikiza. Kijijini Buswahili ilikuwa desturi: mchungaji akihamishwa, usharika mzima unambebea mizigo huku unaimba, na wimbo haukatwi mpaka gari liondoke. Beti zikiisha wanaanza upya. Ulikuwa mwaka themanini na tatu, mwaka wa foleni za sukari na wa kufulia kwa majani ya mpapai. Lori lenyewe lilipata dizeli kwa kibali.

Walipandisha kuku, masufuria, kabati la vitabu. Mwisho vikaletwa vitanda viwili vya chuma, vimezungushiwa mikeka na kukazwa kwa kamba za katani. Kila kimoja kilibebwa na wanaume sita.

"Mama Mchungaji, kitanda chako kinakula nini?" aliuliza mmoja, shingo imeingia mabegani.

"Kinakula wabeba mizigo," alijibu Ursula, mke wa mchungaji, bila kumtazama.

Watu wakacheka. Bhoke, mwanzishaji wa nyimbo, ambaye sauti yake ilikuwaga inasikika mpaka ng'ambo ya mto, akapandisha wimbo upya. Lori likaondoka kwenda Mwisenge, mjini Musoma, na wimbo ukaondoka nalo. Watu waliendelea kufungua midomo kama dakika mbili kabla ya kugundua kwamba hakuna kinachotoka. Wakaifunga, wakaenda kunywa uji.

Kesho yake stoo ya kanisa ilikutwa tupu. Mabati arobaini na nane, yaliyopatikana kwa kulima pamba shamba la kanisa misimu mitatu, hayakuwepo. Ufunguo wa stoo alikuwa anautunza Nyamhanga, mzee wa kanisa, mume wa Bhoke. Asubuhi ya safari mchungaji alimwomba huo ufunguo akatoe majoho yake, kisha akaurudisha. Hakuna mwingine aliyeona.

"Ufunguo ulikuwa na nani?" watu walimuuliza.

"Ulikuwa na mimi."

"Basi."

Toka hapo Nyamhanga alisalimiwa vizuri, ila hakupewa tena kitu cha kushika: si sahani ya sadaka, si Biblia ya mimbari, si hata mtoto wa mtu.

Kuongea waliongea kama kawaida. Kuimba ndiko kulikogoma. Kila Jumapili walisimama chini ya nyasi zinazovuja, Bhoke akainua mkono, midomo ikachezeshwa beti zote, wakakaa.

Baada ya masika akapita mchuuzi wa dagaa kutoka Musoma. Akamwambia Bhoke, "Nilikusikia Mwisenge Jumapili, mama. Uliimba vizuri, ila ubeti wa pili ulichelewa kupandisha."

"Nilikuwa na kikohozi," alisema Bhoke. Akachagua dagaa wake, akaenda kumwambia mumewe.

Nyamhanga alitembea mpaka Butiama, akalala kwa shemeji yake, kisha akapanda lori la pamba mpaka Musoma. Alifika Mwisenge Jumapili saa tatu asubuhi. Nyumba ya mchungaji ilikuwa mpya na paa linang'aa. Majirani walikuwa wameshaweka vigoda kivulini. Ng'ambo ya barabara, Hamduni fundi seremala alikuwa anapiga randa mguu wa meza.

"Shikamoo mzee. Umekuja kusikiliza?"

"Marahaba. Nimekuja kuyatazama mabati."

"Misumari nilipiga mimi. Arobaini na nane, halikubaki hata moja. Yalianza kuimba mimi bado niko juu. Nikamwambia mchungaji, haya yana wenyewe. Akasema piga misumari."

"Na wewe?"

"Nikapiga, mzee. Ngazi ilikuwa ya kuazima, inatakiwa."

Saa nne kamili paa likaanza. Nyamhanga akavua kofia. Ilikuwa sauti ya Bhoke, ile ile ya miaka ile wakipalilia shamba la kanisa, yeye bado msichana anaimba mstari wa mbele, na vijana wanakosea palizi makusudi wasimalize mstari wao upesi. Akawasikia wote mmoja mmoja: wajane wanaokokota mwisho wa neno, mwalimu anayewahi, kikohozi cha jirani yake. Kwenye besi palikuwa na nafasi wazi ya mtu mmoja. Akafungua mdomo kuijaza, na sauti ikatoka. Aliimba mpaka mwisho, amesimama juani, na kwa muda huo hakukumbuka kilichomleta.

Ndani alipewa chai. Sukari ilikuwepo.

"Baba Mchungaji," alisema, "sikufuata mabati. Nimefuata neno moja. Uje Buswahili, usimame mbele ya watu, useme ufunguo nilikupa wewe."

Pastory alikoroga chai yake. "Mzee wangu, hebu sikia. Kama Mungu angekuwa amekasirika, haya mabati yangeimba?"

"Yanaimba kwa sababu ni ya kwetu."

"Mimi silali," alisema Ursula akiongeza chai. "Jumatano mna mazoezi ya kwaya mpaka usiku."

"Mwambie mumeo, mama."

"Nimeshamwambia. Kaniletea pamba nizibe masikio."

Nyamhanga akalipeleka jambo kwa wakubwa wa kanisa. Walikaa siku nzima katika ofisi yao Mukendo, pale pale Musoma, wakala sato, wakaamua. Kwa kuwa ibada inasikika katika nyumba ya mchungaji, nyumba hiyo ni mtaa wa kanisa, yaani tawi lake. Kwa hiyo mabati yako kanisani. Kwa kuwa yako kanisani hayajapotea, na kwa kuwa hayajapotea hakuna aliyeyachukua.

"Mtaisoma hiyo Buswahili?" aliuliza Nyamhanga.

"Barua itafuata," alisema katibu. "Tunangoja karatasi."

Ilikuwa kweli, karatasi hazikuwepo nchi nzima. Nyamhanga akarudi nyumbani, akangoja. Mwaka themanini na sita maduka yakaanza kujaa. Zikaja sabuni za kila rangi, mitumba, redio za kaseti, na karatasi zikawa za kufungia maandazi. Barua haikuja.

Pastory alipandishwa cheo, akahamia Bunda, akastaafu kwa sherehe ya siku mbili. Ursula alirudi kwao Majita na analala vizuri. Nyumba ya Mwisenge ilipangishwa. Wapangaji huzima redio saa nne Jumapili, halafu wanaiwasha. Hamduni alifungua duka la samani Mukendo. Ameezeka nyumba nyingi, na hakuna nyingine iliyoimba. Katibu alinunua mashine mpya ya kuchapa. Bhoke anaendelea kuinua mkono kila Jumapili, na watoto waliozaliwa baadaye wanajua kwamba kanisani watu huchezesha midomo. Kanisa la Buswahili bado ni la nyasi.

Nyamhanga alifariki mwaka tisini na nne, akazikwa Alhamisi. Kaburini watu walifungua midomo beti zote sita na hawakuruka hata mmoja. Waliobaki nyuma kukusanya majembe walisema alikuwa mtu mzuri, kasoro yale mabati.