Neno la Kunyanyulia Magunia

Siku Calist alipofariki, magunia manane ya alizeti yalikuwa yamesimama uani, yakisubiri kwenda kukamuliwa Shelui. Alianguka asubuhi, kamba ya kufungia ikiwa bado mkononi. Emiliana, mkewe, alipomfikia alikuwa ameshatulia.

Misigiri nzima ilimjua Calist kwa neno moja la Kizungu alilotoka nalo sekondari. Wenzake walinyanyua gunia kwa "moja, mbili, tatu." Yeye alipaza sauti, "Simultaneously!" na wote wakainua kwa pamoja.

"Ninyi mkihesabu," alikuwa akisema, "mmoja anainua kwenye mbili, mwingine anangoja nne."

Hata jikoni hakuliacha. "Mama Eliza, ugali na mlenda vije simultaneously!"

"Baba Eliza, iko siku hilo neno litakukwama kooni," Emiliana alimjibu, na wakacheka. Sasa maneno hayo yalimchoma.

Makaburini wanaume wanne walishika kamba. Amosi, mdogo wa marehemu, akahesabu. "Moja, mbili..."

Upande wa kichwani ukatangulia. Jeneza likainama, likagonga ukingo wa kaburi. Watu wakaguna.

"Amosi, polepole!" alifoka jirani yao Yeremia, aliyeshika kamba ya pili. "Unashusha ndoo kisimani?"

"Kila mtu anashusha kwa wakati wake, kaka!"

Wakalirudisha juu, wakajaribu tena. Likainama tena. Emiliana aliona mumewe atakwenda kichwa chini, mbele ya watoto wake. Wifi zake walikuwa wamemwonya kuwa mjane hapazi sauti kaburini. Akafunua khanga usoni.

"Amosi, acha kuhesabu. Sema la kaka yako."

"Siliwezi, shemeji. Mimi nilikuwa namcheka tu."

Emiliana aliishia darasa la saba. Lakini neno hilo alikuwa amelisikia miaka kumi na tisa. Akavuta pumzi, akalitoa lote, kwa sauti ileile ya mumewe.

"Simultaneously!"

Mikono minane ikalegea mara moja. Jeneza likashuka limenyooka mpaka chini. Yeremia alicheka, kisha akafuta macho kwa mkono wa shati.

Siku hizi alizeti hupakiwa Jumanne. Emiliana hushika ncha moja ya gunia, Amosi nyingine, na Amosi hainui mpaka shemeji yake aseme.