Maji Niliyomtemea Mabli

Mchana ule nililala na viatu miguuni kama mlevi, na wala sikuwa nimeonja kitu ila maji, na hayo maji ndiyo yaliyonilaza. Nanyi mnaonijua, mnaosema kwamba mimi nikisimulia habari za paka hutoka chui, leo niaminini, kwa maana habari hii hainiletei sifa hata ya kujaza kijiko, na mwongo mwenye akili zake hatungi uongo wa kujivua nguo.

Nilikuwa kaskazini mwa Wales, kwa binti yangu Mghoi, aliyeolewa na kijana wa huko aitwaye Ifan. Ni pahali pa milima inayojifunika ukungu kama Vuria yetu kule Taita, na chini ya milima kuna bahari ya rangi ya bati, na ukigeuka huku ni ngome ya mawe, ukigeuka kule ni ngome nyingine. Kiingereza watu wake wanakijua, lakini wakifika nyumbani hukivua mlangoni pamoja na viatu vyenye matope, wakaongea Kiwelshi chao hadi na mbwa. Ifan alinitembeza katika ngome moja, nikamuuliza ni babu yake yupi aliyeijenga. "Si babu zangu, Baba," akasema. "Waliijenga waliokuja kututawala. Sisi tunakata tiketi tu." Nikacheka, nikamwambia kwamba kwetu mimi nilijenga ngome kubwa kuliko hiyo kwa trekta la shamba la mkonge, siku ya mapumziko. Ndivyo nilivyo. Nimestaafu udereva, lakini ulimi sijaupa barua ya kustaafu.

Ugeni ule ulikuwa wa mjukuu. Mghoi alikuwa amejifungua msichana, na kabla sijashuka kwenye ndege alikwisha kuitwa Mabli, jina la mama yake Nain. Nain ni nyanya kwa lugha yao; huyu ni Eluned, mama wa Ifan, mjane mfuga kondoo mwenye viganja kama vya mchonga mawe. Mimi nilikuwa nimetoka nyumbani na jina la marehemu mke wangu, Mkawasi, nimelibeba kifuani kama yai. Hakuna aliyeniuliza. Nikasema, "Jina zuri sana hilo," nikameza mate.

Sasa, sisi Wataita tuna jambo letu liitwalo kutasa. Mzee hupiga funda la maji, au pombe ya miwa ikiwapo, akayapuliza kama mnyunyizo wa mvua, kisha akatamka maneno, na yule anayetamkiwa hupata utulivu. Nilikuwa nimejitapa mezani kwao kwamba mimi ndiye mtasaji wa milima yote mitatu ya Taita, kwamba nilimtasa ng'ombe aliyekufa akasimama akadai majani. Basi Nain akaniomba nimtase mtoto. Wakaja majirani, wakaja wajomba, mchungaji wa kanisa lao akavua kofia. Nikapiga funda, nikapuliza, Ifan akafuta miwani yake, nikafungua kinywa. Kumbe maneno hayamo! Nilitafuta neno la kwanza, lile ambalo baba yangu aliliangusha kila alfajiri mbele ya jiko, sikuliona. Watu wameinamisha vichwa. Nami, kwa sauti ya kaburini, mikono juu, nikaanza: "Mgange! Mbale! Wesu! Mchicha, mnavu, viazi mviringo! Weeeerugha!" Vijiji vyetu na mboga za soko la Wundanyi, hayo ndiyo niliyomtemea mtoto mchanga. Wote wakaitika amina. Nain akajifuta machozi, akanishika mkono, akasema atarudi saa ya chai nimfundishe maneno yale moja moja, bila kuandika, ayaweke moyoni amwimbie mjukuu kila anapomlaza. Mtu mmoja tu aliyajua yale maneno, naye ni Mghoi. Alinitazama tu, jinsi mama yake alivyokuwa akinitazama, akambeba mtoto akaondoka. Nikajitupa kitandani na viatu.

Usingizi ukanichukua, nikajiona nasimama katika nchi iliyofanana na ile lakini siyo ile. Milima yake ilikuwa ya sleti, yale mawe bapa wanayoezekea nyumba huko, yamepangwa kama vigae, na kila kigae kinanong'ona, na niliposogeza sikio nilisikia sauti yangu mwenyewe. Mbele yangu akasimama mwanamke mrefu, amevaa buti za shamba na koti linalochuruzika maji ijapokuwa mvua haikunyesha, uso wake mwekundu kama aliyetoka mbele ya tanuri, na mkononi ana kibuyu kisicho na kizibo. Nikamwambia, "Shikamoo mama, njia ya kutoka hapa ni ipi?" Akanijibu, "Marahaba. Mimi naitwa Aibu, na njia zote za kutoka hapa zinapita kwangu. Wengi huniona wakakimbia, na kila anayenikimbia huzunguka mlima akanikuta mbele. Wewe una miguu mibovu, bora tutembee pamoja." Nikataka kumtania, kwa kuwa mimi hata mbele ya askari hutania, lakini utani ukaganda kinywani kama mafuta ya kondoo.

Akanipeleka hadi kwenye ngome iliyokaa juu ya jabali, minara yake ikigusa mawingu, na mlangoni akatoka bwana mnene aliyevaa matarumbeta shingoni. Akanikumbatia. "Mwenyeji wetu! Karibu kwako!" akapiga kelele. "Mimi si Majivuno rafiki yako? Tazama, kila jiwe umelileta wewe. Hili hapa ni yule ng'ombe uliyemfufua. Hili ni trekta lililojenga ngome. Na hili bichi la leo, bado lina unyevu, linaitwa Werugha." Nikaangalia juu, nikaona ngome ile haina paa wala chumba cha kulala, ni kuta tupu, na upepo wa baharini unaingia na kutoka upendavyo. Kando ya ukuta alikaa fundi cherehani mwembamba, akishona bila kuinua macho. Huyo ni Kisingizio. "Njoo nikupime mzee," akasema, "kwa upepo kama huu. Ninalo koti la Umri-Umenifanya-Nisahau, ninalo la Hawa-Wazungu-Hawatajua. Hili la pili linakukaa vizuri." Nikalivaa upesi, na kweli mbele lilinifunika hadi magotini, ila nilipogeuka nikahisi baridi, kumbe halina mgongo, na nyuma yangu, ambako sikuweza kuona, alisimama Mghoi ananitazama.

Aibu akasema kwa upole, "Ngome hukulinda na adui wa mbele. Aliye wako amekwisha kuwa ndani. Vua koti la watu, tushuke."

Tukashuka ngazi za mawe, zikawa nyembamba, zikanuka chumvi, hata tukafika katika shimo chini ya ngome nzima. Nilitegemea kukuta joka. Nikakuta kizee kifupi, kimevaa shati langu, kimekaa juu ya susu ya mtoto na kukumbatia yai kifuani. Nikauliza, "Nani huyu?" Aibu akajibu, "Huyu ni Hasira yako. Ulipoambiwa jina la mtoto ulimmeza pamoja na mate." Kizee kikaniinulia macho. "Hawakuniuliza," kikasema kwa sauti ya mtoto aliyenyimwa nyama. "Mkawasi wangu amelala peke yake kule mlimani, na hakuna aliyeniuliza." Nikakiambia kinyamaze, watu watasikia. Aibu akanikazia macho kwa mara ya kwanza. "Unakumbuka baba yako alikuwa akianzaje kutasa?" Nikasema nimesahau. "Hukusahau. Alianza kwa kusema: *Kama nina hasira moyoni, itoke na maji haya.* Akaitaja hasira yenyewe, kwa jina la mtu na la jambo, hata kama ni ya kitoto, mbele ya mkewe na watoto. Ndipo maneno mengine yakamfuata, kama kondoo wanavyomfuata aliyetangulia mlangoni. Wewe ulitaka kubariki na huku umefunga mlango. Usiseme ulimi wako ni mzee. Ni mwoga."

Haki ya Mungu, nimewahi kutukanwa na wakaguzi wa mkonge wenye midomo michafu, lakini sijapata kusikia neno likanichoma kama lile, kwa sababu lilisemwa bila kelele.

Mara nikasikia maji. Ukuta wa shimo ukafunguka, tukatokea ufuoni, na kwenye mchanga kuna kikapu, na ndani ya kikapu amelala Mabli, na bahari inapanda. Nikataka kukimbia, miguu ikawa sleti. "Hayo ni maji yako," Aibu akasema, akiinamisha kibuyu chake, nayo yanatoka hayaishi. "Uliyapuliza bila neno. Maji yaliyopewa neno ni umande. Yasiyopewa hayana kazi, basi hutafuta kazi." Wimbi likafika kwenye kikapu, likakinyanyua kidogo. Juu ya ukuta Majivuno akapuliza matarumbeta yake yote, Kisingizio akaniita nikachukue koti, na kizee kilichovaa shati langu kikanishika kidole. Nikafungua kinywa kusema lile neno la kwanza, na kinywa kilikuwa kimejaa maji.

Nikaamka kinywa kimejaa mate, na chini nasikia mlango, na sauti ya Nain ikimwita mbwa aondoke njiani.

Hapo ndipo nikaelewa kwamba yule mwanamke wa buti hakuwa amebaki kule ndotoni. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, ananingoja nifunge kamba za viatu. Nikashuka naye.

Jikoni Nain alikuwa anaweka keki mezani, amejaa furaha kama bibi harusi. Ifan alikuwa kwenye sinki, na Mghoi dirishani na mtoto begani, hakugeuka. Nikaitazama keki. Ilikuwa imeandikwa juu kwa sukari nyeupe, herufi zimelala upande kidogo: MABLI WERUGHA. Nain akasema, "Ndilo ulilolitamka kwa nguvu kuliko yote. Majirani wote nimewaambia. Ni zuri mno."

"Baba," Mghoi akasema kwa Kiswahili, bado ananipa mgongo, "jina la pili tulikuachia wewe. Nilidhani utalitaja kwenye maji. Nilidhani utamtaja Mama."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Mbona hukuniambia kwamba umekasirika? Tangu ulipofika unanichekea tu na kunipigia hadithi. Nitakujuaje?"

 Kisha nikamwomba Ifan gilasi ya maji. Nikamwambia Nain, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba Werugha ni kijiji, kizuri, kina kabichi nzuri na baridi kama ya kwao, na kwamba asubuhi nilikuwa nimemdanganya yeye, na mchungaji, na mtoto. Uso wake ukashuka taratibu. Hakupiga kelele, na ningefurahi angepiga. Nikapiga funda, nikapuliza, safari hii Ifan alikwisha kuvua miwani, nikasema: "Kama nina hasira, itoke na maji haya. Nilimkasirikia Mghoi kwa kwenda mbali. Nilimkasirikia Eluned kwa kunitangulia kwa jina. Nilijikasirikia mimi kwa kunyamaza." Na maneno ya baba yangu yakaja, moja nyuma ya jingine, yananukia moshi wa jiko lile, hadi nikafika mwisho nikamtaja: Mkawasi. Mabli Mkawasi. Mtoto akapiga chafya, na Mghoi akageuka.

Nain akasogea mezani. Kisha akachukua kisu, akakata keki mahali pale pale jina lilipogawanyika, akaweka kipande cha Werugha kizima kwenye sahani, akakisukuma mbele yangu.

"Kula," akasema. "Chote. Sisi tutangoja."

Nikala, herufi baada ya herufi, mbele ya familia yangu yote. Sijapata kula kitu kitamu kiasi kile kikakataa kushuka.